Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 19: Jina la Bandia Halimfichi Mtu



Alhamdulillah, tumeamka na siku ya 19 ya mwezi mtukufu. Kesho jioni jua likizama, inshaallah, tunaingia kumi la mwisho. Kila mmoja wetu ana matumaini yake na kumi hilo. Kabla hatujaingia, ni vizuri kukagua ndoo zetu. Mwenye kwenda kisimani huangalia kama ndoo inavuja kabla hajateka maji, hangoji mpaka afike nyumbani akute patupu.

Leo tuzungumzie tundu moja ambalo wengi hatulioni kama ni tundu. Ni komenti. Yale maneno mafupi yanayoandikwa chini ya video za watu, TikTok, YouTube, Facebook, Instagram, na hasa yanayoandikwa na mtu ambaye hakuweka jina lake.

Mnayajua. Mama anaonyesha anavyochoma vitumbua vyake ili apate wateja, chini yake mtu anaandika kuhusu ukubwa wa pua yake. Binti anasimulia alivyofiwa na mumewe, mtu anaandika kwamba huenda amemuua mwenyewe apate nyumba. Kijana ameanza kuvaa miwani, anaitwa majina. Mtoto wa madrasa anasoma Qur'ani kwenye mashindano, sauti inamkatika kwa woga, na watu wazima, wenye watoto wao nyumbani, wanamcheka kama wapo kwenye vichekesho.

Na huyo anayeandika anaitwa nani? Anaitwa jina la mchezaji mpira. Anaitwa jina la mnyama na namba mbili mbele yake. Na wengine, hili ndilo linaloumiza zaidi, wamejiita "Mja wa Allah", na picha waliyoweka ni ya Al-Kaaba. Subhanallah. Umechukua nyumba ya Mwenyezi Mungu ukaifanya pazia la kutukania watu.

Hebu tutazame funga yenyewe ilivyo. Swala watu wanakuona umesimama. Zaka, unayempa anakujua. Hija, majirani wanakusindikiza na wanakupokea. Lakini funga haina shahidi. Saa tisa alasiri, joto limekaza, umeingia kutawadha, maji yako mdomoni unasukutua. Ukimeza funda moja, nani atajua? Mkeo hajui, imamu hajui, na jioni utakaa mkekani na wenzako upokee tende kama wao. Lakini huyamezi. Unayatema. Kwa nini? Kwa sababu moyo wako unajua yupo anayeona. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) ametufikishia kutoka kwa Mola wake kwamba amali za mwanadamu ni zake mwenyewe, ila funga ni ya Mwenyezi Mungu na Yeye ndiye anayeilipa.

Sasa tujiulize. Mtu yule yule aliyetema maji saa tisa kwa sababu Allah anamwona, saa tano usiku amerudi kutoka tarawehe, amejilaza na simu kifuani, anafungua akaunti isiyo na jina lake, anaandika tusi, kwa sababu eti hakuna anayemjua. Allah aliyemwona kule maliwatoni, hamwoni kitandani? Aliyeogopa kumeza funda la maji, ambayo ni halali kwake siku zote isipokuwa mchana wa Ramadhani, haogopi kumeza heshima ya mtu, ambayo ni haramu usiku na mchana, mwezi huu na miezi yote?

Ndugu zangu, jina la bandia ni lile lile funda la maji. Ni mtihani ule ule. Mwenyezi Mungu anatuuliza swali moja mara mbili: mchana kwa kiu, usiku kwa simu. Ukijibu vizuri mchana na ukafeli usiku, basi jua bado funga haijaingia ndani.

Msidhani kwamba jambo hili limeletwa na simu. Lilikuwepo Madina, na Mtume (s.a.w.) yu hai. Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Swahaba Qatada bin Nu'man (r.a.) kisa cha nyumba moja ya watu wa kabila lake walioitwa watoto wa Ubayriq. Mmoja wao jina lake Bushayr, na alikuwa mnafiki. Kazi yake ilikuwa kutunga mashairi ya kuwakashifu Maswahaba, kisha anapoyatoa kwa watu anasema: si yangu haya, kayasema fulani, haya nayo kayasema fulani. Zama zile mashairi ndiyo yaliyokuwa yakisambaa. Yakisemwa asubuhi, jioni yako kwenye kila kikao. Yaani huyu bwana alikuwa na akaunti feki kabla ya umeme. Na pamoja na ujanja wake wote, Maswahaba walikuwa wakiyasikia wanasema: wallahi haya hayana mwingine, ni ya yule yule.

Tazama sasa mazoea yalikompeleka. Rifa'a, ami yake Qatada, alinunua unga mzuri ulioletwa kutoka Sham, akauweka ghalani kwake pamoja na silaha zake. Usiku ghala likatobolewa, unga ukaenda, silaha zikaenda. Watu walipoanza kuulizana, watoto wa Ubayriq wakamtaja mtu mwingine, Labid bin Sahl, Mwislamu anayejulikana kwa wema wake. Aliyezoea kuwabandika wengine maneno yake, sasa anawabandika wizi wake. Na jamaa zao wakaenda mpaka kwa Mtume (s.a.w.) kuwatetea, ikafika hadi Qatada aliyekuja kudai haki ya ami yake akaonekana yeye ndiye mkosa.

Ndipo ikateremka Qur'ani. Rudini leo mkasome Surat An-Nisaa kuanzia aya ya 105. Mkifika aya ya 108 simameni kidogo. Hapo Mwenyezi Mungu anawataja watu wanaojificha wasijulikane na wenzao, lakini Kwake hawawezi kujificha, kwa kuwa Yeye yupo nao pale wanapokesha usiku wakipanga maneno asiyoyaridhia.

Angalia mambo yaliyokusanyika katika aya hiyo moja: kujificha kwa watu, usiku, na maneno. Kama kuna mtu alidhani Qur'ani haijui kuhusu yule aliyelala chali saa sita za usiku akiandika kwa jina lisilo lake, basi aifungue An-Nisaa.

Na mbele kidogo, aya ya 112, tunaambiwa kwamba mwenye kufanya kosa kisha akamtupia asiyehusika, amejibebesha uzushi na dhambi iliyo wazi. Lakini katikati ya hizo mbili, aya ya 110, kuna mlango wa toba: mwenye kutenda ubaya au kuidhulumu nafsi yake kisha akamwomba Allah msamaha, atamkuta Allah ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu. Mlango huo tutaurudia, kwa sababu wengi wetu tunauhitaji.

Tuje kwenye mikono. Sura ya Yasin wengi tunaihifadhi, tunaisoma kwa marehemu wetu, tunaisoma usiku wa kuamkia Ijumaa. Aya ya 65 inasema nini? Inatupa habari ya siku ambayo vinywa vitapigwa muhuri, mikono iseme, na miguu itoe ushahidi. Zamani tukiisoma aya ile tulifikiria mkono ulioiba, mkono uliopiga yatima. Leo tuongeze dole gumba. Mdomo wako hukuufungua. Hukutoa sauti. Mtu aliyelala pembeni yako hakusikia kitu. Lakini dole lilikwenda herufi moja baada ya nyingine, likaandika neno ambalo mtu alilisoma akalia. Siku hiyo mdomo utakaa kimya na dole ndilo litakalosimulia. Na dole halina jina la bandia.

Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alipotufahamisha Mwislamu ni nani, alisema ni yule ambaye Waislamu wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Vyote viwili. Komenti ni ulimi na mkono kwa pamoja.

Wapo wanaosema: ni maneno tu, nani aliyekufa kwa maneno? Basi sikilizeni. Japani, mwezi Mei 2020, alifariki binti wa miaka 22, mwanamieleka, jina lake Hana Kimura. Alijitoa uhai. Alikuwa ametokea kwenye kipindi cha televisheni kiitwacho Terrace House, na humo akagombana na mwenzake kwa sababu ya nguo yake ya mieleka iliyoharibika kwenye mashine ya kufulia. Nguo tu. Watu wasiomjua wakamwandama mtandaoni, wengi wao bila majina yao. Kabla ya kufariki aliandika kwamba alikuwa akipokea maneno makali karibu 100 kila siku, na kwamba hawezi kukataa kuwa yalimuumiza. Baadaye baadhi ya waandishi wale walitafutwa wakapatikana. Mmoja wao alitozwa faini ya yeni 9,000, fedha ambazo kule hazimshtui mtu. Mama yake binti hakunyamaza, na mwaka 2022 Japani ikaibadilisha sheria yake, kosa la kumtusi mtu hadharani likaweza kumfikisha mtu jela mwaka mmoja.

Hakuwa Mwislamu, wala hakuwa jirani yetu. Lakini ni katika wana wa Adam, ambao Mwenyezi Mungu anasema katika Surat Al-Israa aya ya 70 kwamba amewatukuza. Na tutafakari hesabu ile. Maneno 100 kwa siku. Inawezekana kabisa kwamba wengi wao waliandika moja tu. Kila mmoja aliweka tofali lake akaenda kulala, na asubuhi ukuta ulikuwa umemwangukia mtu. Ukisema "mimi nimeandika moja tu", ujue na wao walisema hivyo hivyo.

Na hapa kwetu sheria zipo. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ndugu zetu wa Kenya wana ya kwao ya mwaka 2018. Lakini sheria ya watu inahitaji kwanza ikutafute. Hakimu wa Siku ya Kiyama hahitaji namba yako ya simu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo ningependa kila mmoja aondoke nalo leo.

Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba: mnamjua muflisi ni nani? Wakamjibu kwamba muflisi kwao ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia, kwa maana yake, kwamba muflisi katika umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, na saumu, na zaka, lakini anakuja akiwa amemtukana huyu, amemzulia huyu, amekula mali ya huyu, amemwaga damu ya huyu, amempiga huyu. Basi huyu atapewa katika thawabu zake na yule atapewa. Zikimalizika kabla deni halijaisha, zinachukuliwa dhambi zao anabebeshwa yeye, kisha anatupwa motoni. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.).

Ukisikiliza vizuri utaona saumu imetajwa humo kwa jina lake. Na kosa la kwanza lililotajwa ni tusi.

Yaani hii kiu ya siku 19, huu usingizi tunaoukata kwa daku, hizi rakaa zinazotuuma magoti, kuna uwezekano vikaenda vyote kwa mama wa vitumbua. Humjui jina. Hujawahi kufika mtaa wake. Ulimwandikia neno moja ukacheka, ukapandisha video nyingine, ukasahau. Yeye hakusahau, na Mola wake hakusahau. Siku hiyo atashangaa: thawabu hizi za Ramadhani nzima zimetoka wapi? Aambiwe: za mtu fulani, mwana wa fulani. Litatajwa jina lako halisi.

Na hapa ndipo jina la bandia linapogeuka kuwa mtego. Dhambi baina yako na Allah, unatubu usiku huu huu na mlango uko wazi. Lakini haki ya mja ina mwenyewe. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, Mtume (s.a.w.) amemwamrisha aliyemdhulumu nduguye, katika heshima yake au kitu chochote, aombe radhi leo, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu ya kulipia. Sasa wewe utaomba radhi vipi? Jirani ukimtukana unajua mlango wake, utapiga hodi, utakaa mkekani, mtamaliza. Huyu hujui anakaa wapi. Naye hajui wewe ni nani. Na huenda hata hukumbuki ni video gani, ilikuwa mwezi gani. Ulichodhani kimekukinga na watu ndicho kilichokufungia njia ya msamaha. Ulijificha vizuri sana, mpaka hata msamaha haujui utakupata wapi.

Vipo visingizio, tuvitazame kwa haraka.

Cha kwanza: "Nilikuwa natania tu." Siku moja Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alipanda mti wa mraki kukata miswaki, upepo ukampeperushia nguo, watu wakaona miguu yake ilivyo myembamba wakacheka. Hawakumtukana, walicheka tu, na walikuwa rafiki zake. Mtume (s.a.w.) aliwauliza wanacheka nini, kisha akawaapia kwamba miguu ile katika mizani ni mizito kuliko jabali Uhud. Ameipokea Imamu Ahmad. Unaandika "mwembamba kama mswaki" chini ya video ya mtu, na wewe hujui miguu hiyo mbele ya Allah ina uzito gani. Na Surat Al-Hujurat aya ya 11 imeshasema kwamba huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka, na ikakataza kuitana majina mabaya. Ikawataja wanaume, kisha ikawataja wanawake peke yao, ili asijitoe mtu.

Cha pili: "Ameweka mwenyewe hadharani, avumilie." Mwenye kufungua duka barabarani hajaruhusu wapita njia wamtemee mate. Kama hukupenda bidhaa, pita.

Cha tatu: "Mimi sijaandika, nimeweka tu kile kikatuni cha kucheka." Mitandao hii hukipandisha juu kile kinachopata mwitikio mwingi. Komenti ya tusi iliyochekewa na watu wengi ndiyo ya kwanza kusomwa na mwenye video akishika simu. Wewe hukuandika, lakini umeinyanyua ukamwekea machoni.

Cha nne, na hiki ni chetu sisi watu wa msikitini: "Huyu ni mpotofu, anastahili." Nendeni chini ya mawaidha ya masheikh mkaone. Shekhe wa kundi hili anatukanwa na vijana wa kundi lile, na vijana wa kundi hili wanarudisha, matusi ambayo huwezi kuyatamka mbele ya mama yako. Na binti ambaye ndiyo kwanza ameanza kujifunga mtandio, anaambiwa hijabu yake si hijabu, yeye ni kuni za Jahanamu. Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba muumini hawi mtu wa kuwatia watu dosari, wala wa kulaani, wala mchafu wa maneno. Hakusema isipokuwa akimkuta wa kundi lingine.

Nasiha ni ibada, hakuna anayeikataza. Lakini barua ya nasiha huwa na jina la aliyeiandika. Anayenasihi kweli humfuata mtu pembeni, kwa jina lake, kwa maneno laini, na moyoni anamwombea dua. Ukiona unachotaka kukisema huwezi kukisema kwa jina lako na mbele ya mwenye kuambiwa, kwa kawaida hiyo si nasiha. Ni hamu ya kupiga, imevishwa kanzu.

Neno moja kwa waliotukanwa, kwa kuwa nao wamo kwenye chaneli hii. Mwanangu, dada yangu, kaka yangu, si kosa lako. Mtume (s.a.w.) amemfundisha aliyefunga, akitukanwa au akichokozwa, aseme kwamba yeye amefunga. Sema hivyo na usirudishe. Ifute komenti, mzuie aliyeandika, hiyo si woga, ni haki yako. Usikae nayo peke yako usiku unaisoma mara kumi. Mwambie mama, mwambie rafiki, njoo kwa imamu, nenda kwa daktari kama usingizi umekukimbia. Ukiona moyo unakwambia bora usiwepo, usingoje asubuhi, mwamshe mtu sasa hivi. Na jua kwamba una deni kwa watu ambao huwajui, na Mlipaji anawajua wote. Ukiweza kusamehe, ukasema tu usiku mmoja katika kumi hili, "Ya Rabbi, wote walioniandikia ubaya nimewasamehe", basi umefanya jambo ambalo malipo yake hayahesabiki.

Na wazazi wangu, tuangalie simu za watoto baina ya tarawehe na daku. Si kwa fimbo. Kaa naye, muulize ana akaunti ngapi, na kwa nini moja haina jina lake. Mwambie kisa cha Bushayr.

*Tendo la leo*

Leo kabla ya magharibi, wakati futari iko jikoni, fanya mambo haya manne.

1. Fungua programu unazotumia. Nyingi zina sehemu inayoonyesha komenti zako zote za nyuma. Zipitie. Kila iliyomuumiza mtu, ifute. Ukifuta umezuia isiendelee kumfikia yeye na wengine.

2. Kama mwenye video unaweza kumpata, mwandikie, na umwandikie kwa jina lako. Ukitumia ile ile akaunti ya bandia kuomba radhi, nani anayeomba radhi? Sema: niliandika neno kwenye video yako, nilikosea, naomba unisamehe. Maneno matatu manne yanatosha. Akikujibu kwa ukali, vumilia, ulimtangulia wewe.

3. Kama huwezi kumpata, au umesahau ni nani, tubu kwa Mola wako na umwombee dua aliyedhulumiwa. Wanazuoni wameelekeza kwamba mtu wa hali hiyo amwombee msamaha aliyemdhulumu, amtaje kwa wema pale alipomtaja kwa ubaya, na azidishe mema, awe na akiba siku ya kulipa.

4. Ile akaunti ya kutukania, ifunge kabisa. Usiseme utaitumia vizuri. Mlango wa mwizi hauachwi na ufunguo.

Kama nafsi yako inapenda kufanya jambo bila kujulikana, kuna pahali pake. Mtume (s.a.w.) amewataja watu saba watakaokuwa katika kivuli cha Mwenyezi Mungu siku ambayo hakuna kivuli ila chake, na mmoja wao ni anayetoa sadaka kwa siri, mpaka kushoto kwake kusijue kulia kwake kumetoa nini. Na neno jema ni sadaka, vile vile kwa hadithi. Basi jifiche huko. Mkute yule mtoto wa madrasa aliyekatikiwa na sauti, mwandikie: mashallah mwanangu, Allah akuzidishie. Mkute mama wa vitumbua, mwandikie: Allah akubarikie riziki yako. Kisha ondoka. Yeye hatakujua milele. Aliyekuona ukitema maji saa tisa atakuwa amekuona.

Ewe Mola wetu, Wewe ni Msamehevu na unapenda kusamehe, tusamehe. Tusitiri sisi na watoto wetu. Zisafishe ndimi zetu na vidole vyetu kabla hatujaingia katika kumi hili tukufu. Wale tuliowaumiza nasi hatuwajui, Wewe unawajua: waridhishe kutokana na hazina yako, usiwaridhishe kwa funga zetu na swala zetu. Waliotuumiza, wahidi, na utupe nyoyo za kuwasamehe. Waliovunjika nyoyo kwa maneno ya watu, waunge. Usitujaalie tukawa muflisi siku ya kukutana nawe. Aamin, yaa Rabbal-aalamin.

Mpelekee mwenzako tafakuri hii, na uanze kuisoma mwenyewe kabla hujamtumia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.